Mama Pindo na Meza Nyeupe

Moto ule ulikuwa na tabia ya mgeni asiyebisha hodi. Ulianzia chini ya kifua, ukapanda shingoni, ukatua mashavuni na masikioni, na kabla Mama Pindo hajajua la kufanya, jasho lilikuwa limeshamtoka kwenye mizizi ya nywele na linamtiririka mgongoni kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Kisha ukaondoka zake, ukamwacha anatetemeka kwa baridi mchana kweupe.

Ukimjia kazini, alikuwa na namna yake ya kuupokea. Aliweka sindano pembeni, akasogeza kiti nyuma ili hata tone moja lisiiangukie nguo, akakunja kola ya blauzi yake kwa ndani ili shingo ipate upepo wa dirishani, akafumba macho. "Ee Mungu, upite," alisema kimoyomoyo. Na ulipita. Shida ni kwamba ulirudi.

Watoto wake wawili walikuwa watu wazima, kila mmoja kwake na hamsini zake, na hakuna hata mmoja aliyeitwa Pindo. Jina lile alipewa na kazi. Katika karakana ile ya gauni za harusi, ghorofani juu ya duka la rangi na ndoo, hakuna aliyepinda kitambaa kama yeye. Bibi harusi angeweza kuzunguka chumba kizima, gauni likaburuta sakafuni kama maji yanavyotambaa, na usione uzi ulipoingia wala ulipotokea. Watu waliomjua kwa jina alilopewa na wazazi wake walikuwa wameshabaki wachache.

Karakana ilikuwa na vyumba vinne. Cha mbele kilikuwa na kioo kirefu cha kupimia. Kilichofuata kilikuwa cha mashine na cha kukatia vitambaa. Cha tatu, chenye dirisha kubwa kuliko yote, kilikuwa na meza moja tu, imetandikwa shuka jeupe linalofuliwa kila wiki. Hiyo ndiyo waliyoiita meza nyeupe. Gauni likitoka kwenye mashine lilikuja pale kumaliziwa kwa mkono: mapindo, lesi, shanga, vifungo. Cha nne kilikuwa stoo ya nyuma, na huko hakuna aliyependa kukaa.

Meza nyeupe ilikuwa na miiko yake. Unanawa mikono na kujipaka poda kabla ya kugusa nguo. Chai inanywewa nje. Blauzi ya njiani unaivua na kuitundika kwenye msumari, unavaa blauzi ya meza, ya pamba, isiyo na kifungo cha kukwaruza. Na pini. Kila mshonaji alikuwa na kimto chake cha pini, na vichwa vya pini zake vilikuwa na rangi yake peke yake. Za Mama Pindo zilikuwa za bluu. Zilichomekwa kwa mistari, zimesimama kama wanafunzi kwenye gwaride, na mstari ukipungukiwa pini moja jicho linaona pengo papo hapo. Pini haiwekwi mdomoni, haichomekwi kwenye nguo uliyovaa, hailazwi mezani. Inatoka kwenye gauni, inarudi kwenye kimto. Hakuna kufunga kazi mpaka mistari ijae.

Miiko hiyo iliwekwa na mama mwenye karakana, ambaye sasa ni marehemu. Yeye ndiye aliyemfundisha Mama Pindo kushika sindano akiwa bado msichana mwenye mikono migumu. Karakana aliirithi binti yake, mwanamke mchapakazi ambaye wafanyakazi wote walimwita Tajiri, ila Tajiri mwenyewe alimwita Mama Pindo mamdogo, kwa sababu alikua akitambaa chini ya meza ile ile, akiokota vipande vya lesi na kuwavisha wanasesere wake.

Basi mwili wa Mama Pindo ulipoanza kubadilika, hakuna aliyesema kitu mwanzoni. Hedhi yake ilianza kuja inavyotaka yenyewe. Mara miezi miwili kimya, mara inamfika kwa fujo katikati ya ibada. Usingizi ukamkimbia. Halafu vitu vikaanza kumponyoka kichwani. Alisimama mbele ya kabati asijue alichofuata. Alimwita jirani yake wa mezani kwa jina la dada yake.

"Mimi naitwa Shanga, kama umesahau," yule jirani alimwambia, akicheka. Aliitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kushonea shanga vifuani mwa gauni. "Dada yako ni mweupe, mimi mweusi. Shika hapo tu."

Mama Pindo naye alicheka. Lakini alipoinama tena kwenye kazi, macho yalikuwa yanamuuma.

Alikwenda zahanati. Muuguzi alimsikiliza vizuri, akamwambia huo ni umri, hajakoma hedhi bado lakini mwili uko njiani. Wengine njia inakuwa fupi, wengine ndefu.

"Na kusahau?"

"Na kusahau kumo humo, mama. Na hasira, na kulia."

"Nilidhani nimeanza kuwa mtu mbaya," Mama Pindo alisema.

Dawa za homoni daktari wa hapo zahanati hakukubali kumpa, kwa sababu ya uvimbe uliowahi kutolewa kwenye titi lake miaka ya nyuma. Akarudi nyumbani na ushauri wa kuvaa nguo nyepesi na kunywa maji.

Lililomfikisha pabaya lilikuwa gauni la kifua cha lesi. Siku ya kupima, bibi harusi alisimama mbele ya kioo, mama yake na shangazi zake wamekaa kwenye makochi wanafuta machozi ya furaha. Akainua mikono aone linavyokaa. Akaguta. Chini ya kwapa, katikati ya bitana na lesi, ilikuwa imebaki pini. Doa la damu lilitokeza kwenye ule weupe, dogo kama punje ya mtama, kisha likatanuka. Tajiri alipoichomoa pini, kila aliyekuwa chumbani aliiona rangi ya kichwa chake.

Mama Pindo alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia kimto alichokishika mkononi. Mistari ilikuwa imejaa. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba jana yake aliona pengo, akasema moyoni ataitafuta akishatulia, moto ukaja, na ulipoondoka akachukua pini mpya kwenye kopo akaziba pengo bila kujua anafanya nini. Mikono ilifanya, kichwa hakikuwepo.

Tajiri hakumfokea. Alimwita pembeni wageni walipoondoka.

"Mamdogo, wewe unaumwa."

"Siumwi. Ni umri tu."

"Basi huo umri katafute dawa yake. Kwa sasa nenda stoo ukafumue zile gauni za zamani. Kiti chako sitamkalisha mtu. Ukirudi ulivyokuwa, utakikuta."

Kufumua ni kazi ya kuanzia. Unapewa gauni lililorudishwa au lililochafuka, unakata nyuzi kwa wembe, unaokoa lesi na shanga ili zitumike tena. Stoo ilikuwa na taa moja na harufu ya nguo zilizokaa. Mama Pindo alifumua gauni alizozishona mwenyewe. Alizitambua kwa mkono wake, uzi wake mdogo uliolala sawasawa, na alikuwa anaukata. Mchana, akipita kwenda kunywa maji, aliona kiti chake mezani kimefunikwa kitambaa. Afadhali wangemkalisha mtu, aliwaza. Kiti kitupu kilimtazama.

Nyumbani mambo hayakuwa na nafuu. Mume wake, fundi wa vigae, alikuwa mtu mpole asiye na maneno mengi. Magoti yake yalikuwa yameshaanza kulalamika kwa sababu ya kazi ya kupiga magoti kwenye sakafu za watu, na usiku alitaka joto. Mke alitaka shuka litupwe mbali. Walivutana shuka kwa wiki kadhaa kama watoto, mpaka siku moja mume alichukua mto wake akahamia kwenye kochi la sebuleni. Hakugomba. Alisema tu, "Nakupisha upumue." Alikuwa amesema kwa wema, na ndiyo maana lilimchoma. Alipopiga magoti kusali, Mama Pindo hakupata neno. Alikaa pale kitambo, mikono imekunjwa juu ya godoro, akanyanyuka.

Jumamosi wifi yake alikuja. Huyu alikuwa mdogo wa mume wake, mwembamba, mdomo haukauki, na alifanya usafi kwenye jengo moja lenye vyumba vya matabibu mbalimbali. Alikuta mto wa kaka yake kwenye kochi, akaelewa yote.

"Wifi, umekuwa jiko sasa. Umemfukuza kaka yangu kitandani?"

"Mchukue ukakae naye wewe, ni damu yako."

"Mimi? Tangu utotoni anakoroma kama trekta. Tulimwozesha kwako ili na sisi tulale."

Mama Pindo alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati ya safari, mabega yakawa yanatikisika. Wifi yake akaacha mzaha. Alisogea akamshika mkono.

"Kwani umefika wapi, wifi?"

"Nimefika mahali sijiamini mwenyewe. Nikifunga mlango narudi kuutazama. Mikono hii ndiyo kitu pekee Mungu alichonipa nikawa mtu mbele za watu. Tajiri ameniwekea kiti, wifi, na mimi sioni nitarudije."

Wifi alifikiri. "Kwenye jengo letu kuna mama mmoja anatibu kwa sindano. Akupancha wanaiita. Wanawake wa umri wetu wanaingia mle wamekunja sura, wanatoka wamelegea kama nguo iliyolowekwa. Mimi nafagia tu, sijui wanafanywa nini."

"Sindano nimezishika maisha yangu yote. Sijawahi kwenda kwa mtu nikamwambia anichome."

"Basi zamu yako imefika."

Mtabibu alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Chumba kilikuwa na kitanda chembamba, pazia, kiti na meza ndogo. Alimuuliza Mama Pindo mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza: moto unaanzia wapi, unapandia upande gani, miguu inakuwa baridi au la, anaamka akiwa na hofu au hasira. Alimtazama ulimi. Alimshika mapigo mikono yote miwili.

"Sikuahidi kitu, mama," alisema. "Wapo wanaopata nafuu ya joto, wapo wanaopata usingizi tu, na wapo wasiopata lolote. Tutajaribu."

"Hata usingizi tu nitaupokea kwa mikono miwili."

Sindano zenyewe zilikuwa nyembamba kuliko hata ile ya kushonea lesi. Mtabibu aliziingiza moja moja, kwenye vifundo vya miguu, chini ya magoti, kwenye vifundo vya mikono, na moja katikati ya nyusi. Mama Pindo hakuona damu. Alihisi uzito tu, kama mtu anayembonyeza kutokea ndani. Alilala pale na kutazama dari, machozi yakawa yanamteremkia masikioni, na kwa kuwa mikono ilikuwa na sindano hakuweza kuyafuta.

Kilichomgusa kilikuwa mwisho wake. Mtabibu alichomoa sindano, akazipanga kwenye sinia dogo, akazitazama, akapitisha kiganja juu ya miguu na mikono ya mgonjwa, ndipo akasema, "Zote zimetoka." Kisha akazitupa kwenye kopo lake. Kila mara alifanya hivyo, na kila mara alisema maneno yale yale. Mama Pindo alimpenda kwa hilo. Alijiona yuko mikononi mwa mtu wa meza nyeupe.

Alikwenda, akaenda tena. Mwanzoni hakuona tofauti, akavunjika moyo, wifi yake akamkokota. Kisha usingizi ukaanza kurudi, vipande vipande. Moto nao ukapungua makali. Ulikuwa unakuja bado, lakini kama mtu anayepita nje ya nyumba, unasikia nyayo, anapita. Mume alirudisha mto wake kitandani. Alisimama nao mlangoni kwanza, kama anayeomba ruhusa, na Mama Pindo akamsogezea shuka.

Hofu ndiyo iliyokataa kuondoka. Hiyo hakumwambia mtabibu, kwa sababu hakujua kama ni ugonjwa. Aliendelea kurudi mlangoni kutazama kitasa. Aliendelea kupapasa mifuko. Alidhani itaisha akishakaa kwenye kiti chake.

Na siku ilifika. Tajiri alikuja stoo, akasimama akimtazama anavyofumua.

"Umenawiri, mamdogo."

"Namshukuru Mungu. Nalala."

"Kuna gauni la satini, mkia mrefu. Linapimwa kesho asubuhi na kuchukuliwa hapo hapo. Pindo lake sitaki kumpa mtu mwingine. Unaliweza?"

Mama Pindo aliuweka wembe chini. Akaitikia kwa kichwa. Walikwenda wote mpaka kwenye meza nyeupe, na Tajiri mwenyewe akaondoa kitambaa juu ya kiti.

"Karibu nyumbani," Shanga alisema. "Nilikuwa naongea na ukuta hapa. Ukuta una majibu mazuri kuliko yako, lakini nilikukumbuka."

Alishona kutwa. Mikono ilimkumbuka. Pindo lile lilitiwa waya mwembamba kama unywele ndani yake, ili mkia ukae wazi usijikunje, na kuuficha waya ndani ya satini ni kazi inayotaka pumzi ndogo. Moto ulimjia mara moja tu, baada ya chakula, ukapita juu juu. Hakusogeza hata kiti. Alitengeneza kola yake huku jicho likiwa kwenye kazi, akaendelea. Jioni Shanga alikusanya vitu vyake akaaga. Pindo lilikuwa limefungwa, limepigwa pasi, limelala juu ya meza. Mama Pindo alilitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijiona ni mtu.

Ndipo alipochukua kimto ili akifunike.

Mstari wa mwisho ulikuwa na pengo.

Alihesabu tena. Akatazama mapajani, akakung'uta sketi. Akapiga magoti akapapasa sakafu yote, akapitisha sumaku wanayookotea pini, ikatoka na za Shanga, nyekundu, na vipande vya sindano zilizovunjika. Ya bluu haikuwemo. Akapitisha sumaku juu ya gauni, na sumaku ikavutwa na pindo zima, kwa sababu ya waya. Haikuweza kumwambia kitu. Akalipapasa pindo kwa vidole, taratibu, kutoka mwanzo. Kila penye kiungo cha waya vidole vilisimama. Hapa pana kitu. Hapana, ni waya. Hapa. Hapa je?

Tajiri alikuwa chumba cha mbele, anapanga vitambaa. Mlango ulikuwa wazi. Angeita tu, "Njoo unisaidie kutafuta." Angemwambiaje, siku ya kwanza, kwamba pini yake imepotea? Aliiona ile punje ya mtama ikitanuka kwenye lesi. Alimwona bibi harusi wa kesho akijizungusha, pini imemchoma kifundo cha mguu mbele za watu.

"Mamdogo, mimi natangulia," Tajiri alisema kutoka mlangoni. "Bado?"

"Namalizia, mwanangu."

"Usichelewe. Funga dirisha."

Nyayo zilishuka ngazi, zikaisha.

Alichukua wembe. Alijua. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine wote kwamba satini haishonwi mara mbili, kwamba kila tundu la sindano linabaki humo kama alama ya ndui, na hakuna pasi wala mvuke wa kulifuta. Alifungua sehemu ndogo tu, pale palipomtia shaka zaidi. Hapakuwa na kitu. Akafungua na pa pili. Kisha hakuweza kuacha, kwa sababu pini, kama haipo hapa, basi ipo mbele kidogo. Alipoinua kichwa, pindo zima lilikuwa wazi, waya unaning'inia, na pini haikuwemo.

Alilishona tena. Alijaribu kuipitisha sindano kwenye matundu yale yale, na mengine yalikubali na mengine hayakukubali. Mikono ilikuwa inalia jasho, na safari hii haukuwa ule moto, ilikuwa hofu yenyewe. Kisha alivua blauzi ya meza akaitundika, akavaa ya njiani, akaenda nyumbani. Mume alimuuliza kiti kimemkaribishaje. Alisema vizuri.

Asubuhi alifika mapema, akavaa blauzi ya meza kama kawaida, akakaa. Tajiri aliinua mkia wa gauni dirishani, kama alivyofundishwa na mama yake, kutazama kwa mwanga. Mwanga ulipenya. Msururu wa matundu, kama njia ya siafu, kuzunguka pindo lote.

Shanga aliinamisha kichwa.

"Nini hiki, mamdogo?"

"Pini yangu moja haikuonekana. Niliogopa imo ndani."

"Ilikuwemo?"

"Haikuwemo."

Tajiri alilishusha gauni mezani polepole. "Nilikuwa hapo mbele. Mlango ulikuwa wazi. Kwa nini hukuniita? Hata ingekuwemo, tungeitafuta wote."

Mama Pindo alikisogeza kimto chake pembeni.

"Nitaweka lesi juu, nitafunika," Tajiri alisema, na sauti yake ilikuwa inatafuta njia. "Bibi harusi hatajua. Lakini mimi siwezi tena. Nitakuwa nalala naiwaza meza hii. Mama angekuwepo sijui angesema nini, ila mimi siwezi. Nenda nyumbani, mamdogo. Si kwa ubaya."

Akajifuta macho kwa mkono uliopakwa poda, uso ukabaki na alama nyeupe, akaondoka kwenda chumba cha mbele kwa sababu bibi harusi alikuwa anapanda ngazi.

Shanga alimshika bega. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Mama Pindo alichukua mkoba wake, akatokea mlango wa nyuma. Blauzi yake ya njiani aliiacha kwenye msumari. Alilikumbuka hilo akiwa ameshafika mbali, watu wanampita, na hakuona sababu ya kurudi.

Ilikuwa siku yake ya tiba, na miguu ilimpeleka yenyewe. Mtabibu alimtazama mara moja tu, hakumuuliza hali. Alimwambia alale.

"Fungua kola kidogo. Leo nataka kuweka moja hapa nyuma ya shingo."

Mama Pindo alikuwa amechoka hata kuinua mkono, kwa hiyo mtabibu alimfungulia mwenyewe. Vidole vyake vilisimama. Kola ya ile blauzi ya meza ilikuwa imekunjwa kwa ndani, na kwenye mkunjo, imelala ubapa kati ya nguo na nguo, palikuwa na kitu. Alikichomoa, akakiweka kwenye kiganja, akamsogezea mbele ya macho.

"Hii si yangu," alisema.

Kichwa chake kilikuwa cha bluu.

Mama Pindo aliiangalia. Ikamrudia jana, baada ya chakula, ule moto mwepesi, mwepesi kiasi kwamba hakuuhesabu kuwa moto. Kola aliyoikunja shingo ipate upepo, na kola haikukaa, na mkono ukachukua kilichokuwa karibu ukaibana. Mwiko wa kwanza kabisa aliofundishwa. Na gauni lilikuwa zima. Tangu alipolifunga jioni ile mpaka alipochukua wembe, lilikuwa zima, halina pini, halina doa, kazi yake iliyokuwa nzuri kuliko zote.

"Mama," mtabibu aliita taratibu. "Nini?"

Alimweleza, kwa maneno machache. Mtabibu alivua miwani.

"Rudi ukawaonyeshe. Wajue kwamba kazi yako ilikuwa safi."

"Nitawaonyesha nini? Kwamba sikupoteza pini, nilipoteza akili?" Alisema bila hasira. "Tayari wanajua. Niweke tu sindano zako."

Mtabibu aliiacha ile ya shingoni, akaanza kazi. Miguuni, magotini, mikononi, katikati ya nyusi. Pini ya bluu aliilaza pembeni ya sinia, mbali na zake. Mama Pindo alijaribu kusali na neno pekee lililokuja lilikuwa lile la kila siku, upite, ila safari hii hakujua anaomba nini kipite. Uzito ule wa ndani ulimshuka, mabega yakaachia. Usingizi ulikuja, mnono, wa aina aliyouomba kwa machozi miezi mingi, na hapakuwa tena na kazi ya kuamkia.

Kwa mbali alisikia mlango, na ufagio ukiegemezwa ukutani.

"Amelala?" Ilikuwa sauti ya wifi yake, inanong'ona.

"Amelala," alijibu mtabibu.

"Ashukuriwe Mungu. Nilikwambia, dawa ikimkubali utamwona. Muache alale, ana kazi kubwa sasa, kaka kaniambia jana wamemrudishia kiti chake."

Mama Pindo aliyasikia yote. Sindano zilikuwa mwilini, na alikuwa ameambiwa asijitikise. Akabaki macho yamefumbwa, akamsikiliza wifi yake akichukua ufagio na kuanza kufagia, polepole, asije akamwamsha.